Pikapu Iliyotoka Kasanga

Kaka yangu ndiye aliyenitetea nilipotaka kujifunza umeme wa magari. Baba alikuwa amekwishafariki, na baba mdogo, ambaye ndiye aliyebaki na sauti ya mwisho pale nyumbani Mwimbi, alisema hajawahi kuona binti wa Kifipa akilala chini ya gari, na hatakubali wa kwanza atoke kwetu. Kaka alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, bila kumkatiza. Wiki iliyofuata alinipandisha kwenye lori la mahindi, tukaenda Sumbawanga mjini, akanifikisha kwenye gereji ya mzee mmoja aliyekuwa akifahamiana naye. Akamwambia, "Huyu ni mdogo wangu. Mfundishe kama ambavyo ungenifundisha mimi."

Naanza na hilo kwa sababu nikianza na pikapu, mtu atadhani nasimulia habari za muuzaji na mnunuzi.

Mzee yule alinifundisha vizuri. Jambo la kwanza alilonifundisha halikuhusu nyaya wala betri. Alisema kabla hujafungua boneti, muulize mwenye gari. Shida ilianza lini? Nani alilishika mara ya mwisho? Liliwahi kugongwa? Liliwahi kuingia maji? Lilikaa muda gani bila kuwashwa? Magari ya zamani, alisema, yana nyaya zilizokwisha kupita mikononi mwa mafundi wengi, na kila mmoja ameacha siri yake mle ndani. Usipouliza, utashinda unafukuza kivuli. Niliishika kanuni hiyo hata nilipofungua kibanda changu mwenyewe, nikaolewa, nikapata mtoto. Wakulima wa Kaengesa wenye pikapu za miaka mingi, wafanyabiashara wa ulezi, wote wamezoea kwamba kwangu mtu hukaa kwanza kwenye benchi akahojiwa kama yuko kwa daktari.

Kaka alikuwa amehamia Kasanga, ziwani, anafanya biashara ya dagaa. Alioa hukohuko. Mwaka mmoja ziwa lilipanda. Sote tulisikia: nyumba za watu wa ufukweni ziliingiliwa na maji, wengine wakahama. Nilimpigia simu mara nyingi siku zile. Akanihakikishia kwamba kwake maji yaliishia kwa jirani.

Miezi kadhaa baadaye akanipigia yeye.

"Mdogo wangu, nataka kuiuza pikapu. Nimeona bora niwekeze kwenye mtumbwi. Lakini sitaki iende kwa mtu baki."

Niliijua pikapu ile. Nyeupe, ya dizeli, ya zamani lakini imara. Na kwa kweli nilihitaji gari, maana wateja wengi wa mashambani walikuwa wakikwama hukohuko, nami nilikuwa nikiwafuata kwa pikipiki za kukodi, nimepakata betri magotini. Jioni ileile mama naye akapiga simu kutoka Mwimbi. Mama hapigi simu bila sababu. Hupiga akiambiwa na moyo, kama anavyosema mwenyewe.

"Nunua gari la kaka yako," alisema. "Lisitoke nje ya ukoo."

Mume wangu, ambaye ni mwalimu na hapendi kuingilia kazi yangu, aliniuliza swali moja tu.

"Umelikagua?"

"Gari la kaka?"

"Wewe unakagua hata redio ya jirani kabla hajainunua."

Nikacheka. Nikamwambia kwamba kumkagulia kaka gari lake ni sawa na kuonja chakula cha mama kabla ya kukila, kuona kama kina sumu. Kaka alilileta mwenyewe, limeoshwa, linang'aa, viti vimetandikwa vitambaa vipya. Nikampa fedha zangu nilizokuwa nimeziweka kwa muda mrefu, tukala ugali na kuku, akambeba mwanangu mabegani kuzunguka nyumba, kesho yake akapanda basi kurudi ziwani.

Wakati wote wa kiangazi gari halikunisumbua. Lilipanda na kushuka, lilibeba magunia na watu, nami nilijisikia mtu mwenye bahati kuwa na kaka kama yule.

Mvua za kwanza ziliponyesha ndipo lilipoanza. Kwanza nilikanyaga breki nikaona indiketa za nyuma zinawaka zote mbili. Hilo kwa fundi si jambo la kutisha. Mara nyingi ni waya wa ethi uliolegea, ule unaorudisha umeme kwenye bodi. Umeme ukikosa njia yake ya kurudi nyumbani, hupita kwa jirani. Nikaufungua, nikausugua kwa msasa, nikaupaka grisi. Likatulia siku chache. Kisha honi ikaanza kulia yenyewe. Ililia Jumapili nje ya kanisa, watu wanatoka misani, nami nikiwa mbali na gari, funguo ziko mkononi. Watu wakacheka: gari la fundi umeme! Nami nikacheka nao. Baada ya hapo betri ikawa inakutwa imekufa kila asubuhi.

Nikafanya kama nilivyofundishwa. Nikamuuliza mwenye gari.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Gari linasemaje?"

"Linapiga honi peke yake, na linakunywa betri usiku kucha. Kaka, liliwahi kuingia maji?"

Aliniomba nirudie swali. Nilidhani ni mtandao.

"Maji yapi? Mvua tu, kama magari yote. Ila sikiliza, kuna kijana wa huku alinifungia redio. Nadhani alichezea nyaya."

Nikamshukuru. Nikafungua dashibodi yote, nikatoa redio, nikafuata kila waya uliokwenda huko. Kazi ya yule kijana ilikuwa safi kuliko za mafundi wengi ninaowajua, lakini kwa kuwa kaka alikuwa amesema ni redio, nilikata nyaya zake zote nikazifunga upya. Betri ikaendelea kufa. Nikampigia tena. Safari hii akasema ni panya. Alikuwa akiegesha karibu na stoo ya dagaa, na panya wa kule wanakula hata mipira. Nikaamini. Nililala chini ya gari lile wiki nzima nikitafuta alama za meno ya panya ambaye hakuwepo.

Kwa mteja mwingine ningekwisha kushtuka. Mtu akinipa majibu mawili tofauti, huwa namrudisha kwenye benchi. Lakini sauti ile ilikuwa ya kaka, nami niliibeba kama ilivyokuja.

Kuelekea mwisho wa masika, mteja mmoja wa Milepa alipiga simu kwamba trekta lake haliwaki. Ilikuwa Jumamosi. Mwanangu, ambaye bado hajaanza shule, alilia anataka twende wote, nikamkalisha kando yangu tukaondoka asubuhi. Unapotoka huku juu kwenda Milepa lazima ushuke ukingo wa bonde la Rukwa, barabara ya kona na mawe, upande mmoja mlima, upande wa pili hakuna kitu. Tukiwa tumeshuka nusu, mvua ikamwagika. Waipa zikafuta mara moja, mara mbili, zikasimama katikati ya kioo. Nikakanyaga klachi nipunguze gia, na pale pale injini ikazima.

Kwenye pampu ya dizeli kuna kidude kidogo kinachofunguliwa na umeme. Umeme ukikatika, kinafunga, na injini haipati kitu. Nilikijua vizuri sana. Mawazo yangu yalikwenda kwenye kidude kile wakati mguu wangu unakanyaga breki na breki imekuwa ngumu kama ukuta, kama inavyokuwa injini ikizima. Niliachia klachi ili gia iyashike magurudumu, nikaukata usukani kuelekea mlimani, na pikapu ikakwaruza udongo kwa ubavu wake mpaka ikasimama imelalia mfereji. Mwanangu alikuwa amegonga paji la uso kwenye dashibodi. Alivimba tu, namshukuru Mungu. Hakulia mara moja. Alinitazama kwanza, kuona kama inaruhusiwa kulia.

Lori lilituvuta mpaka mjini siku iliyofuata. Nikamwambia mume wangu kwamba safari hii sitampigia mtu simu. Nitalikagua kama gari la mtu nisiyemjua.

Nilianza na betri. Nikachomoa waya wa hasi, nikaweka taa yangu ndogo ya kupimia kati ya waya na betri. Gari likiwa limezimwa kila kitu, taa ile haitakiwi kuwaka. Ikiwaka, kuna kitu ndani kinakunywa umeme. Iliwaka. Kazi inayofuata ni kuchomoa fyuzi mojamoja. Ukifika kwenye fyuzi ambayo taa inazimika, umeipata njia yenye ugonjwa. Nikachomoa ya kwanza, mwanga ukapungua kidogo. Ya pili, ukapungua kidogo tena. Ya taa za mbele, ya waipa, ya honi, kila moja ilipunguza kidogo, na zilipokwisha zote, taa yangu ilikuwa bado na wekundu hafifu, kama kaa linalokufa.

Niliketi kwenye tairi. Gari lenye waya mmoja mbovu halifanyi hivyo. Gari lililoliwa na panya halifanyi hivyo. Lile lilikuwa likivuja kila mahali, kidogo kidogo, na ni kitu kimoja tu kinachogusa kila mahali kwa wakati mmoja.

Nikatoa viti. Nikainua zulia, na chini yake nikakuta sponji mpya, nyeupe, katika gari lenye umri mkubwa kuliko mafundi wenzangu wengi. Mtu alikuwa ametoa sponji ya zamani akatandika mpya. Nikaibandua. Pembezoni mwa sakafu, karibu na mlango, panapita nyaya zinazokwenda nyuma, na zinaungana kwenye soketi moja ya plastiki. Niliitenganisha kwa bisibisi. Shaba ilikuwa imeota ukoga wa kijani. Ndani ya matundu yake kulikuwa na tope kavu, laini kama unga wa ulezi. Na kwenye pembe ya soketi, amejikunja vizuri kama aliyelala, kulikuwa na konokono mdogo.

Nilimjua. Konokono wale hawapo kwenye mito yetu ya huku juu, ni wa ziwani. Kaka alikuwa na desturi ya kumletea mwanangu makombe yao kila akitoka Kasanga, na tulikuwa nayo tele nyumbani, kwenye bakuli dirishani.

Nilifungua soketi nyingine, ya juu zaidi, nyuma ya dashibodi. Tope lilelile. Maji yalikuwa yamefika mpaka kwenye usukani.

Nilisikia kwamba kaka yuko Mwimbi wiki ile, amekuja kununua maharage ya kupeleka ziwani. Nikapanda basi. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda uani kwa mama, anakunywa chai, na mama kando yake anapepeta maharage kwa ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona bila taarifa?"

"Shikamoo, kaka," nikasema, kwa mazoea, na mdomo wangu ukaniuma kwa kulisema.

Sikuitikia karibu ya chai. Nilitoa mfukoni ile soketi yenye konokono niliyoikata garini, nikaiweka juu ya maharage, kwenye ungo. Mama akaacha kupepeta. Kaka akaitazama kwa muda, kisha akaweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayeogopa kumwaga.

"Maji yalifika wapi, kaka?"

"Mdogo wangu..."

"Nakuuliza kama ninavyouliza wateja. Maji yalifika wapi?"

"Kwenye viti," alisema. Kisha akasema, "Juu ya viti."

Nikamuuliza kwa nini alinidanganya. Akajibu bila kupandisha sauti, na utulivu wake ndio ulionimaliza. Alisema ziwa lilichukua kila kitu: nyumba, dagaa, nyavu. Alikuwa na wadai na watoto. Pikapu ndiyo iliyobaki. "Ningemuuzia mtu baki, lingemfia barabarani na damu yake ingekuwa juu yangu. Wewe ni fundi. Nilijua wewe utaliweza."

"Basi ungeniambia!"

"Ningekuambia, ungelinunua?"

Sikujua. Mpaka leo sijui. Huenda ningemwambia, lete, tutalifungua pamoja. Huenda ningempa zile fedha bila gari. Hakunipa nafasi ya kujua mimi ni dada wa namna gani.

"Nilikuuliza kwenye simu kama liliingia maji. Ukaniambia redio. Ukaniambia panya. Mwanangu alikuwa ndani, kaka. Injini ilizima tukishuka kwenda Milepa, na mwanangu alikuwa ndani."

Hapo akainamisha kichwa. Hakuwa ameambiwa habari za mtoto. Nilimwona akitaka kuuliza anaendeleaje, na nilimwona akiogopa kuuliza, na nikafurahi kwamba anaogopa.

Mama ndiye aliyezungumza. Alizungumza Kifipa, kama afanyavyo anapotaka jambo libaki ndani ya ua.

"Usimlaumu peke yake. Mimi ndiye niliyemwambia akuuzie wewe."

Niligeuka kumtazama. Alikuwa bado ameushika ungo, soketi yangu ikiwa katikati ya maharage.

Alisema alikuwa Kasanga ziwa lilipopanda. Alikwenda kumtazama mjukuu mchanga, jambo nililolijua, ila sikuwa nimehesabu kwamba ni siku zilezile. Alikuwapo walipolivuta gari kwa kamba. Yeye na wifi yangu waliosha viti kwa sabuni, wakavianika juani, wakatandika sponji mpya. Kwa hiyo aliponipigia simu jioni ile na kuniambia gari lisitoke nje ya ukoo, mikono yake ilikuwa imekwishagusa tope lile.

"Kaka yako alikuwa amebaki mikono mitupu," alisema. "Wewe una kazi. Una mume mwenye mshahara. Mwenye kazi mikononi hafi njaa. Nilipima watoto wangu, nikaona wewe ndiye utakayebeba."

"Ungenipima nikiwa najua, mama."

"Ungekataa."

Wote wawili walikuwa na jibu lilelile. Walikuwa wamekaa mahali fulani, pengine kwenye ua uleule, wakajadiliana mimi ni nani na nitafanya nini, wakamaliza, kisha wakanipigia simu kwa zamu.

Nilichukua soketi yangu. Mama aliniomba nile kwanza, nikasema basi litaniacha. Kaka alisimama anisindikize, kama desturi, nami nikamwambia akae. Nilitembea mpaka barabarani peke yangu. Basi lilichelewa sana, na muda wote ule nilikuwa nikigeuka nyuma kuona kama amenifuata. Hakunifuata. Nilikuwa nimemkataza, lakini zamani angenifuata.

Wakati wa baridi, upepo wa Ufipa unapokata vidole na wateja wanapungua, nilitoa nyaya zote za pikapu ile, kuanzia taa za mbele mpaka za nyuma, nikazitandaza sakafuni kwenye kibanda kama utumbo wa ng'ombe. Mume wangu alishauri niiuze kwa vipuri. Mtu mmoja alikuja kuitazama. Nikamweleza kila kitu, maji yalipofika na siku niliyokwama, akanishukuru kwa ukweli wangu akaondoka. Basi nikakaa chini nikatengeneza upya, waya kwa waya, kila soketi mpya, kila ethi na bolti yake. Sikufanya kwa upendo. Nilikuwa na hasira, na hasira ile ilihitaji kazi ndefu. Nilipomaliza, niliweka tena taa yangu kati ya betri na waya. Haikuwaka hata kidogo.

Kaka hajanipigia tangu siku ile, nami sijampigia. Alimtumia mwanangu gauni kupitia kwa dereva wa lori, nikamvalisha, kwa kuwa mtoto hana kosa. Kwenye kazi yangu, bado nawakalisha wateja kwenye benchi na kuwauliza maswali yale yale. Lakini siku hizi wanapojibu huwa tayari nimeshika taa ya kupimia, na baadhi yao wamelalamika kwamba siwasikilizi.

Majuzi mama alikuja mjini kutibiwa macho. Nilikwenda kumpokea stendi kwa pikapu. Nilimfungulia mlango, nikamshika mkono akapanda, nikamfunga mkanda. Tulikwenda hospitali, tukangoja foleni, tukarudi. Njiani mvua ilianza, waipa zikafanya kazi yake. Alizitazama muda mrefu kwa yale macho yake yaliyowekwa dawa.

"Linakwenda vizuri," alisema.

"Linakwenda."

Tulipokaribia nyumbani akasema, "Kaka yako anakusalimia."

Kwa kawaida mtu hujibu kwamba salamu zimefika, na kwamba naye asalimiwe. Mama alikuwa akiningoja niseme hivyo. Alikuwa amegeuza uso kabisa upande wangu.

"Nimesikia, mama," nikasema, nikakata kona kuingia kwetu.